Jinsi ya kununua gari chakavu la serikali mnadani Tabora

Lisome tangazo hadi mstari wa mwisho kabla ya kupigia hesabu gari lolote. Tafuta mambo mawili: ni mnada wa hadhara au zabuni ya bahasha iliyofungwa, na masharti ya malipo yakoje. Matangazo mengi hudai amana ya asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 14. Ukishindwa, amana imekwenda.

Kitambulisho cha NIDA na TIN viwe tayari. Bila TIN, TRA hawatakubadilishia umiliki.

Siku ya ukaguzi nenda na fundi wako, si yule utakayemkuta getini akijitolea. Gari huuzwa kama lilivyo na mahali lilipo, kwa hiyo ukiligundulia ubovu baadaye ni wako. Linganisha namba za chesisi na injini na zile za kwenye kadi. Gari la mradi wa wafadhili, lenye namba za DFP, uliza kama ushuru umelipwa. Mengi huingia nchini kwa msamaha wa ushuru.

Sasa dau. Tuseme likishatengenezwa litauzika milioni 9. Toa matengenezo milioni 3, kulivuta laki 3, kodi na usajili laki 7. Kikomo chako ni milioni 5, na kiandike kabla hujaingia uwanjani.

Kwenye mnada wa hadhara, panda kidogo kidogo hadi kikomo, kisha nyamaza. Mshindi hulipa kiasi kidogo tu juu ya pale mpinzani wa mwisho alipoishia, hivyo kuanza na dau kubwa ni kumfaidisha dalali. Mwanauchumi William Vickrey, aliyepata Nobel 1996, aliichambua minada ya aina hii mwaka 1961.

Bahasha ni habari nyingine. Ukiandika milioni 5 ukashinda, unalipa zote na hubaki na kitu. Punguza. Katika hesabu rahisi ya wanauchumi, ambapo makadirio ya waombaji yametawanyika sawasawa kuanzia sifuri, mkiwa wanne unaandika robo tatu ya kikomo, yaani 3,750,000. Mkiwa kumi, 4,500,000. Wakulima wa Tabora wakishalipwa fedha za tumbaku, tarajia wapinzani wengi.

Ukishinda kwa pengo kubwa, shtuka: huenda wenzako waliona kitu usichokiona. Wahandisi wa mafuta Marekani waliliandikia jambo hili mwaka 1971, nalo huitwa laana ya mshindi. Dawa yake ni kushusha makadirio kabla ya kuweka dau. Na akija mtu kukunong'oneza "tuachiane, hili langu lile lako", kataa; Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kupanga zabuni.

Lipa kwa kontroo namba tu (namba ya malipo ya serikali), kamwe si kwenye simu ya mtu. Chukua risiti na hati ya mauzo, uliondoe gari ndani ya muda uliotajwa, kisha nenda TRA.