Kabla Maji Hayajafika Gerezani

Tarehe 28 Agosti 2005, meya wa New Orleans, Marekani, Ray Nagin, aliamuru wakazi wahame mji kabla kimbunga Katrina hakijaingia. Sherifu Marlin Gusman, msimamizi wa gereza la mji, akatangaza kuwa wafungwa watabaki palepale walipo. Gereza hilo, Orleans Parish Prison, lilikuwa na watu zaidi ya 6,000, wengi wao mahabusu tu. Kesho yake kingo za kuzuia maji yasiingie mjini zikapasuka, umeme ukakatika, jenereta zikazima, na baadhi ya askari wakaondoka zamu. Wapo waliobaki selo wamefungiwa, maji yanawafika kifuani.

Ndiyo maana swali la kumuuliza mkuu wa gereza kabla ya msimu wa mvua ni hili: nani hasa anaruhusiwa kusema "hamisheni", na anasubiri nini? Kipimo kiandikwe. Mto ukifika alama hii, au bwawa la juu likitangaza kufungulia maji, mabasi yanawashwa bila kungoja simu ya makao makuu usiku wa manane. Wakubwa huchelea mfungwa kutoroka njiani, na hofu hiyo naielewa. Ila tazama Maiduguri, Nigeria. Septemba 2024 bwawa la Alau lilipopasuka, mafuriko yaliangusha kuta za gereza, na wafungwa walipohamishwa, 281 hawakuonekana. Msafara wenye askari, mchana na barabara ikiwa kavu, ni rahisi kuulinda kuliko gereza lisilo na ukuta.

Mafuriko yaleyale yalibomoa pia nyumba za askari. Hili husahaulika mno. Askari ambaye mkewe na watoto wako juu ya bati wakiomba msaada hatakaa getini, na sitamlaumu. Familia za kota zihamishwe mapema, naye atulie kazini.

Funguo nazo zijaribiwe gizani. Kama milango hutegemea umeme, pawe na funguo za mkono, nakala zikae kwa zaidi ya mtu mmoja, na kila zamu ijue zilipo.

Halafu majina. Baada ya Katrina wafungwa walitawanywa katika magereza mengi ya Louisiana, kumbukumbu zao zikapotea au zikabaki nyuma, na watu waliokamatwa kwa makosa madogo wakasota miezi mingi bila kufikishwa mahakamani. Orodha ichapwe, ifungwe kwenye nailoni, na nakala ikae mji mwingine: jina, namba ya kesi, tarehe ya kutoka, na dawa anazotumia. Mwenye dozi ya kifua kikuu, ARV, insulini au kifafa apande basi na dawa zake mkononi. Ndugu nao waandike namba ya kesi na jina kama lilivyo kwenye hati ya mashtaka, maana "Juma wetu" hatafutiki kwenye magereza kumi. Kanuni za Nelson Mandela za Umoja wa Mataifa, za mwaka 2015, zinampa mfungwa haki ya kuijulisha familia mara anapohamishwa, iulizieni.

Maji ya kutumia pia yapigiwe hesabu. Katika misaada ya dharura kiwango cha chini huwa lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo gereza la watu 600 linahitaji lita 9,000 kila siku mabomba yakikauka. Vyoo vikifurika kwenye selo iliyojaa, kipindupindu hakiko mbali.

Joto halibomoi ukuta, kwa hiyo halipigiwi mbiu. Katika jimbo la Texas, Marekani, sehemu kubwa ya mabweni ya wafungwa hayana viyoyozi, na Machi 2025 jaji wa shirikisho Robert Pitman aliona hali hiyo inakiuka katiba. Waangaliwe kwanza wazee na wanaotumia dawa za magonjwa ya akili, kwani baadhi ya dawa hizo huzuia jasho.

Mwisho ni idadi yenyewe. Wiki chache kabla ya masika, mahakimu wakae na orodha ya mahabusu: aliyeshindwa dhamana ya laki moja, aliyeiba kuku, aliyelala barazani pa watu. Wakitoka hao, mabasi yanayohitajika yanapungua kabla wingu halijatanda.