Kufunga redio koli kwenye Land Cruiser ya safari: pesa iweke kwenye antena

Kila anayetaka redio koli huniuliza kwanza ina wati ngapi. Redio ya wati 50 yenye antena mbovu inazidiwa na ya wati 25 iliyofungwa vizuri, nimeona hivyo mara nyingi tu.

Nazungumzia redio za VHF (masafa ya juu sana) tunazotumia mbugani, si CB, redio za kuongea za malori ya Marekani. CB iko megahezi 27 na robo ya wimbi lake, ambayo ndiyo urefu wa antena, inakaribia mita 2.75, ndiyo maana wenzetu kule wana fimbo ndefu zinazoyumba. VHF ya megahezi 150 inataka nusu mita tu, afadhali kwetu tunaopita chini ya migunga. Leseni ya masafa chukua TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) kabla ya kuwasha chochote.

1. Antena. Antena ya robo wimbi ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni bati lililo chini yake. Katikati ya paa ndiyo bora, ila magari yetu yana paa la kunyanyuka ambalo halishikani vizuri na bodi (la faiba ndiyo kabisa). Mimi hutoboa kipande kisichonyanyuka, juu ya dereva. Kwangua rangi kwa ndani mpaka bati ing'ae, kaza kitako, kisha ziba kwa nje na silikoni. Kwenye bampa la mbele inafanya kazi, lakini anayekufuata nyuma atakusikia kwa shida.

2. Waya wa antena. Waya wa aina ya RG-58 unatosha. Usiukunje kona kali wala kuubana na mlango. Plagi ya mwisho wa waya (PL-259) ichomee risasi, na ikiwa nje ya gari izungushie tepu ya mpira. Niliwahi kuhangaika siku mbili na redio iliyokuwa hoi kila mvua ikinyesha, kumbe maji yalikuwa yameingia kwenye plagi niliyoifunga mwenyewe.

3. Umeme. Vuta moja kwa moja kutoka betri, waya wa milimita 4 za mraba. Fyuzi ya ampea 15 ikae jirani na betri, isiwe kwenye redio: waya ukichubuka njiani kabla ya fyuzi, gari linaungua. Pale unapopita kwenye ukuta wa injini weka raba kwenye tundu.

4. Redio. Popote mkono wa dereva unapofika na goti halipigi. Acha nafasi nyuma yake ipumue.

5. Kupima. Usibonyeze kuongea kabla antena haijaunganishwa, utaua redio. Weka mita ya SWR (inayoonyesha nguvu inayorudishwa na antena) katikati ya redio na antena, upime masafa ya chini na ya juu. Chini ya 1.5 ni safi. Ikizidi 2 kuna kazi. Ikisoma kubwa zaidi kwenye masafa ya juu, fimbo ni ndefu: punguza milimita mbili tatu, upime tena. Ukishakata umekata.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikichomeka kwenye tundu la sigara kuna shida?*
Ipo. Redio ya wati 50 ikiongea inakula ampea 10 hivi, na waya za pale ni nyembamba. Kusikiliza utasikia, ukibonyeza inazima.

*Fundi, yangu inapiga mluzi unaopanda nikikanyaga mafuta. Injini ni 1HZ.*
1HZ ni dizeli, haina plagi za cheche, kwa hiyo mshuku alteneta. Umeme umeutoa wapi? Kama ni kwenye swichi ya gari, hamishia betri. Mluzi ukibaki, kagua ethi ya redio, mwisho ndiyo ununue filta.

*Gari langu lina betri mbili, nichague ipi?*
Kwanza pima volti za zote mbili kwa pamoja, ukiziacha zilivyounganishwa. Ukipata volti 12, chukua yoyote. Ukipata 24, tafuta kipunguza volti cha kushuka hadi 13.8. Usiibe 12 kwenye betri moja, itachoka peke yake na nyingine itajazwa kupita kiasi.