Jinsi ya kuonyesha Howling II nyumbani bila watu kukukimbia

Hii ni kwa yule anayetaka kuwaita washkaji waangalie Howling II: Your Sister Is a Werewolf (yaani Dada Yako Ni Mbwamwitu), ile ya 1985, muvi ya watu-mbwamwitu yenye bajeti ya kuungaunga ambayo ilipotoka ilisagwa vibaya na mpaka leo ina mashabiki wanaoijua neno kwa neno. Mimi huwa naandaa usiku wa muvi mbovu na hii ndo naombwa kuirudia kuliko zote. Ila ukiiweka hovyohovyo tu inaboa, watu wanashika simu. Ina utaratibu wake.

HATUA YA 1: watu

Usizubae hapa. Muvi ina uchi, ina damu, na kuna tukio la kitandani la watu watatu walioota manyoya mwili mzima wanaungurumiana, kwa hiyo watoto hapana, mama mkwe hapana, na yule jamaa wa kuuliza kila dakika "sa huyu nani tena" naye mwache kwao. Watu sita mpaka kumi wanatosha. Waambie mapema kabisa kwamba muvi ni mbovu, maana anayekuja akisubiri kutishika atachoka nusu saa tu afu atawaharibia wenzake.

HATUA YA 2: anza na ya kwanza

Wengi wanairuka hii afu wanashangaa mbona watu hawacheki. The Howling ya 1981 ya Joe Dante ni muvi nzuri kweli, fundi wa maumbo bandia Rob Bottin alitengeneza mtu kugeuka mbwamwitu laivu mbele ya kamera, hamna kompyuta pale, unaona uso unavimba na mdomo unasukumwa mbele kidogokidogo mpaka unajishika taya mwenyewe. Kama muda hautoshi weka hata dakika kumi na tano za mwisho, pale mtangazaji Karen White, aliyechezwa na Dee Wallace, anageuka mubashara kwenye TV halafu anapigwa risasi ya fedha.

Ukimaliza hapo usitoe hata mapumziko ya chai, weka ya pili hapohapo. Inaanza na msiba wa huyohuyo Karen huko Los Angeles, ila kwenye jeneza kalala mwanamke mwingine kabisa, Dee Wallace hayupo. Hapo ndo utasikia mguno wa kwanza sebuleni.

HATUA YA 3: picha na sauti

Fanya hii kabla wageni hawajafika. Matukio mengi ni usiku, msituni na kwenye ngome, na kopi nyingi ni nyeusi tii. Simamisha picha kwenye tukio lolote la msituni uangalie manyoya: kama yamemezwa na giza, ongeza mwanga wa projekta kidogokidogo, na ukiona giza lenyewe limeanza kuwa la kijivu umezidisha, rudisha nyuma. Kwenye TV zima zile settingi za rangi kali, zinafanya damu ionekane kama sharubati.

Sauti sasa. Watu wanapenda kufungulia sabufa mpaka vioo vinatetema, usifanye hivyo, sauti ya Christopher Lee, staa mkongwe wa muvi hii, ni nzito tayari, ukiiongezea besi maneno yanageuka mngurumo na wewe unayahitaji maneno yake yote. Pia kuna wimbo wa bendi inaitwa Babel, unapigwa klabuni mwanzoni afu unarudi, na unarudi, na unarudi tena, kwa hiyo weka sauti ya wastani ambayo watu wataivumilia saa moja na nusu. Sabutaito washa hata kama wote mnajua Kiingereza.

HATUA YA 4: kaeni kimya

Hii ndo roho ya usiku mzima. Sisi tumekulia kibanda umiza, tumezoea muvi inatafsiriwa juu kwa juu mtindo wa Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, na ukiwa na rimoti mkononi tamaa ya kuanza kutupia maneno ni kubwa. Jizuie. Kinachochekesha kwenye Howling II ni kwamba Lee, mtu aliyekuwa Dracula wa Hammer, ile kampuni ya Uingereza ya muvi za kutisha, tangu 1958, haigizi kama yuko kwenye muvi mbovu hata sekunde moja. Anafungua muvi kasimama mbele ya nyota za angani anasoma kitabu kama yuko kanisani. Anamwambia Ben, kaka wa marehemu, kwamba dada yako ni mbwamwitu, kwa sauti ileile daktari anayotumia kukupa majibu ya vipimo. Kaingia klabu ya vijana wa muziki wa punk kavaa miwani myembamba ya kisasa ili asijulikane, mzee mrefu vile! Na bado uso haucheki. Ukimwongelea juu unaua kila kitu.

Kwa hiyo sheria yangu: mpaka pale klabuni hakuna kuongea. Baada ya hapo wataongea wenyewe na huwezi kuwazuia, hasa kwa Reb Brown anayecheza huyo Ben, ambaye ndo steringi na kila akipigana anapiga kelele kuliko maadui zake wote wakijumlishwa.

HATUA YA 5: simamisha mara moja tu

Ben na wenzake wakishafika Transylvania (picha zenyewe zilipigwa Czechoslovakia) mambo yanakuwa mengi, Stirba, malkia wa mbwamwitu, anaimba maneno ya uchawi mpaka mtu macho yanapasuka, wengine risasi ya fedha inawatosha ila kwake yeye lazima chuma cha titani, usijaribu kueleza, acha ipite. Watu wakibisha kuhusu titani waache wabishane, hapo usiku umeshanoga.

Simamisha pale tu mtu mmoja atakaposema "mbona hawa kama nyani". Lazima atatokea. Hapo ndo uwape kisa cha dairekta Philippe Mora, ambaye amesimulia kwamba mavazi aliyotumiwa yalikuwa ya manyani wa Planet of the Apes, ikabidi apige picha hivyohivyo. Ukikitoa kisa hiki mapema unakipoteza bure, subiri waone wenyewe. Afu rudisha nyuma dakika mbili waangalie upya, sasa hivi kila tukio la giza na kila kata ya harakaharaka itakuwa na maana, jamaa alikuwa anaficha nyani.

Pia usimwambie mtu kwamba Stirba ni dada wa huyo Stefan anayechezwa na Lee. Wakifika hapo wataliangalia upya jina la muvi wenyewe.

HATUA YA 6: usiwashe taa

Watu wakiona majina wanainuka kutafuta viatu. Wakalishe. Majina yanapita na wimbo wa Babel umerudi tena, na katikati yake kuna kipande cha Sybil Danning, yaani Stirba, akichana nguo yake kifuani, kimekatwa na kurudiwa mara 17. Waambie wahesabu kwa sauti. Kwangu mimi ni uhariri wa kihuni na wa kumdhalilisha dada wa watu, na huwa nasema hivyo wazi, ila ndo kitu mashabiki wanachokikumbuka kuliko chochote na ukikikata watakudai.

Taa ikiwaka leta msosi, na wakati wanakula wape la mwisho: Lee alipokuja kufanya kazi na Joe Dante kwenye Gremlins 2 ya 1990, alimwomba msamaha kwa kucheza kwenye Howling II.

Atatokea mmoja wa kudai Howling III, ile ya 1987, ya Mora huyohuyo, mbwamwitu wa Australia wenye mfuko tumboni kama kangaruu. Usiiweke usiku huohuo. Mwambie Jumamosi ijayo, na soda anakuja nazo yeye.