Kuomba Mahakama ya Tononoka Ibadilishe Kiwango cha Matunzo ya Mtoto

Amri ya matunzo, yaani ya mahakama inayomtaka mzazi alipe gharama za mtoto, haibadiliki kwa sababu kazi imeisha, wala kwa sababu mtoto ameingia sekondari. Hubadilika siku hakimu anapotoa amri nyingine. Mpaka siku hiyo, kila mwezi usiolipwa ni deni, na deni hilo laweza kukuletea wito wa kujieleza mbele ya hakimu, mshahara kukatwa, mali kunadiwa, hata kufungwa. Mambo yakigeuka, peleka ombi mwezi huohuo. Wengi hungoja malimbikizo yafike laki moja ndipo wakumbuke njia ya Tononoka, iliko Mahakama ya Watoto ya Mombasa, na kufikia hapo wanaomba huruma huku wameshaonekana wakaidi.

Rudi ulikotoka. Amri iliyotolewa na Mahakama ya Watoto ya Tononoka huombewa mabadiliko hapohapo, kwa nambari ileile ya kesi. Iliyotolewa na Kadhi hurudi kwa Kadhi. Ukifungua kesi mpya kwingine juu ya mtoto huyohuyo, utapoteza miezi mkibishania mahakama badala ya pesa.

Swali utakaloulizwa ni moja: nini kimebadilika tangu tarehe ya amri? Kama unaona hakimu alikosea tangu mwanzo, hilo si ombi la mabadiliko, ni rufaa, nayo huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Kenya haina asilimia maalumu ya mshahara inayotengewa mtoto. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, hakimu hupima kipato na mali ya wazazi, mizigo waliyo nayo, mahitaji ya mtoto na maisha aliyoyazoea. Wajibu ni wa wazazi wote wawili, wawe walioana au la.

Yanayobeba uzito ni kupunguzwa kazini, ugonjwa unaozuia kazi, mtoto kuhamia kwa mzazi anayelipa, mtoto kugunduliwa ana ulemavu, au mzazi mwenzako kupata ajira. Mtoto mwingine akizaliwa, mahakama italiangalia hilo, lakini likiwa peke yake ni hoja nyepesi. Yule wa kwanza hakuacha kula. Na ukiacha kazi makusudi, utapimwa kwa uwezo wako wa kupata, si kwa mfuko unaouonyesha siku hiyo.

Wafanyakazi wa hoteli za Pwani huteleza hapa. Mtu huleta hati za mshahara za Mei na Juni tu, hoteli ikiwa tupu, kisha upande wa pili unaleta za Desemba. Leta miezi 12. Tuseme miezi 8 ulipata Sh38,000 na miezi 4 Sh15,000: jumla ni Sh364,000, wastani Sh30,333 kwa mwezi. Hapo waweza kuomba viwango viwili, cha msimu wa watalii na cha msimu wa mvua, badala ya kuomba kupunguziwa mwaka mzima. Ombi la namna hiyo husikika la mtu mkweli. Dereva wa tuktuk na kuli wasio na hati ya mshahara watumie taarifa ya M-Pesa na daftari la hesabu za kila siku.

Anayeomba nyongeza naye afanye hesabu. Karo ya Sh18,000 kwa muhula ni Sh54,000 kwa mwaka, yaani Sh4,500 kwa mwezi. Usiandike 18,000 kama gharama ya kila mwezi. Kodi ya Sh12,000 kwa nyumba ya mama na watoto wawili, fungu la watoto ni Sh8,000. Hesabu iliyotiwa chumvi mahali pamoja hutiliwa shaka kote.

Ombi lenyewe ni karatasi mbili kuu: ombi linalosema unataka kiwango gani na kuanzia lini, na hati ya kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi uliyoyaapia, inayoeleza sababu. Ambatisha nakala ya amri ya zamani, barua ya kuachishwa kazi au ya daktari, hati za mshahara, taarifa ya benki, risiti za shule na orodha ya mapato na matumizi yako. Kila kiambatisho kipewe nambari na kigongwe muhuri na kamishna wa viapo, yaani mtu aliyeidhinishwa kushuhudia viapo. Faili ya taarifa ya M-Pesa huja imefungwa kwa nambari ya siri. Ifungue, uichape yote, na uisome kabla ya hakimu kuisoma. Anayelia hana pesa huku taarifa yake imejaa malipo ya kamari amejishtaki mwenyewe. Picha za mazungumzo ya WhatsApp ziandamane na cheti cha ushahidi wa kielektroniki, hati inayoeleza jinsi zilivyotolewa kwenye simu, la sivyo zitapingwa.

Ombi huwasilishwa kwa mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Mahakama. Asiyejiweza kumlipa wakili ajaribu FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, au Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wote wana ofisi Mombasa. Kisha mpelekee mzazi mwenzako nakala na uwasilishe kiapo kwamba ameipata. Bila kiapo hicho, siku ya kusikizwa huahirishwa, na hili huchelewesha maombi.

Mkiwa mnaelewana, njia ni fupi: andikeni makubaliano, mtie saini nyote, myapeleke yaingizwe kama amri. Makubaliano ya mdomo, hata mbele ya wazee, hayafuti deni.

Huku ukingoja, lipa unachoweza, kwa M-Pesa au moja kwa moja shuleni, usitume pesa taslimu kwa mkono wa shangazi. Viatu vya Idi havikatwi kwenye deni. Na kunyimwa kumwona mtoto hakukupi ruhusa ya kuacha kulipa. Hilo lina ombi lake.

Amri mpya ikitoka, chukua nakala iliyothibitishwa na uisome kiwango na tarehe ya kuanza. Malimbikizo ya nyuma hayafutiki nayo isipokuwa yametajwa. Kama mshahara hukatwa kazini, peleka nakala kwa mhasibu siku hiyohiyo, maana yeye ataendelea kukata kwa karatasi aliyo nayo.