Kuchagua na Kutumia Paleti ya Rangi katika Sanaa ya Pikseli

Mchoro wa pikseli 16 kwa 16 una nukta 256 tu, kwa hiyo rangi iliyowekwa pasipo sababu hujitokeza kama doa. Anza na paleti, yaani orodha ya rangi utakazotumia, yenye rangi nne hadi nane kwa umbo dogo. Anayejifunza nisingemshauri avuke 16 kwa mchoro mzima, hata kama programu yake inampa mamilioni. Game Boy, mashine ya mkononi ya michezo ya video iliyotoka mwaka 1989, ilikuwa na viwango vinne tu vya mwanga na giza, na wachoraji wake waliweza kutofautisha maji, majani na mawe.

Mfano huo unaonyesha mahali pa kuanzia: tazama mwangaza wa rangi kabla ya kujiuliza kama ni nyekundu au buluu. Geuza nakala ya mchoro wako iwe ya kijivu. Ikiwa mhusika anamezwa na ukuta ulio nyuma yake, kumvisha shati la kijani badala ya jekundu hakutamwokoa endapo rangi hizo zina mwangaza uleule. Kinachohitajika ni kuliongezea shati mwangaza au kuutia ukuta giza.

Kisha tengeneza ngazi ya rangi, yaani mfululizo unaotoka kwenye kivuli hadi sehemu inayopigwa na mwanga. Wengi huchukua rangi moja, wakaitia nyeusi ili kupata kivuli na nyeupe ili kupata mwanga, na mchoro ukapauka kama nguo iliyofuliwa mno. Ni afadhali rangi yenyewe ihame kadiri unavyopanda: kivuli cha kijani kielekee buluu, na mwanga wake uelekee njano. Hatua ziwe pana kiasi cha kuonekana, kwa maana vijani viwili vinavyokaribiana sana hula nafasi mbili katika paleti na kufanya kazi ya kimoja.

Ngazi hizo zikutane. Zambarau moja iliyokoza inaweza kuwa kivuli cha ngozi, cha jani na cha jiwe, na kwangu hii ndiyo siri kubwa ya paleti ndogo, kwa sababu vitu vyote huonekana vimesimama chini ya mwanga mmoja. Rangi kali kabisa iwekee kile ambacho jicho linapaswa kukiona kwanza.

Ukiwa na programu ya kuchorea pikseli kama Aseprite, chora katika hali ya rangi zilizoorodheshwa, ambamo kila pikseli hubeba nambari ya rangi katika paleti. Ukibadilisha rangi moja kwenye orodha, inabadilika kote ilikotumika, na mandhari ya mchana inaweza kugeuzwa ya usiku bila kugusa mstari hata mmoja. Mwishowe tafuta rangi iliyotumika kwa pikseli mbili tatu tu, uweke mahali pake rangi ya paleti inayokaribiana nayo, kisha utazame mchoro kwa ukubwa wake halisi. Usipoona tofauti, iondoe.