Gololi za udongo za manati: namna ninavyozipima kabla ya msimu wa kuamia ndege

Nalima majaluba mawili (vitalu vya mpunga vyenye matuta pembeni) upande wa Nyanguge, mkoani Mwanza, barabara ya Musoma, na kila mwaka mpunga ukianza kutia maziwa ndipo vita yangu inapoanza. Kuanzia hapo hadi kuvuna ni kama mwezi mmoja wa kuamia ndege, saa kumi na mbili alfajiri hadi jua lizame. Minana wanakuja kumi kumi, kwelea kwelea wanakuja kama moshi, na tumbili wanatokea kwenye mawe ya kilimani mchana watu wakiwa wanakula. Silaha yangu ni manati. Hapa naeleza habari ya kile kinachorushwa, maana wengi wanahangaika na panda na mpira halafu wanaokota jiwe lolote lililo karibu na mguu.

Jiwe naliogopa kwa sababu mbili. La kwanza, halipotei. Ukirusha mawe 200 kwa siku ndani ya jaluba, mwakani unayakuta kwenye jembe na kwenye kisigino, na mengine yanapanda na mpunga hadi kwenye mashine ya kukoboa, yanakula mipira ya mashine, kisha yanamalizia kwenye jino la mteja wako. La pili, hakuna mawe mawili yanayofanana. Moja linakwenda juu, la pili linapinda kushoto, na wewe unadhani mkono wako ndio mbovu.

Marehemu mjomba alikuwa askari wa wanyamapori, na alikuwa akisema kila bunduki ina risasi inayoipenda. Bunduki mbili za kiwanda kimoja, risasi za boksi moja, moja inakusanya matundu pamoja na nyingine inayatawanya. Risasi alizokuwa akipewa yeye zilikuja tayari, na bunduki ina sheria zake na kibali chake. Lakini neno lake nimelichukua kwenye manati, na limenifaa kuliko yote aliyonifundisha: usiulize gololi gani ni nzuri, uliza manati yako inataka gololi gani.

Tuanze na udongo. Bibi yangu alifinyanga vyungu, na alitufundisha kuushika udongo kabla ya kuuamini. Ule mweusi wa mbuga unanata vizuri sana, ila ukikauka unapasuka kama ardhi ya Agosti. Udongo wa kichuguu ni mtulivu zaidi. Mimi nachanganya makopo matatu ya kichuguu, kopo moja la mbuga, na nusu kopo la mchanga laini wa luseni, yaani ile ardhi yetu ya kichanga, ili usipasuke. Vyote viwe vikavu, vitwangwe, vichekechwe kwa chekeche la unga. Usiruke hatua ya kuchekecha. Mwaka mmoja niliiruka kwa haraka, na katika gololi nilizotengeneza nyingine zilikuwa na vijiwe ndani, upande mmoja mzito kuliko mwingine. Zilikuwa zinatoka vizuri, zikifika nusu ya njia zinageuka. Nilipoteza wiki nzima nikikata mipira mipya kabla sijavunja gololi moja na kuona kijiwe kimekaa pembeni kama kokwa.

Tia maji kidogo kidogo, kanda mpaka ukiviringisha kamba nyembamba na kuizungusha kidoleni isikatike. Funika kwa gunia bichi, ulaze usiku mmoja. Udongo uliolala unatii.

Sasa uzito, na hapa ndipo nataka usikilize, ndugu yangu. Watu wanaviringisha kwa kukadiria kwa kiganja, na kiganja cha asubuhi si cha jioni. Mimi naweka fito mbili zenye unene wa milimita 16 juu ya meza, umbali wa shubiri moja. Katikati naweka bonge la udongo, juu nabana ubao na kusukuma mbele na nyuma. Ubao ukigusa fito zote mbili, kamba ya udongo imefika unene wa milimita 16 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha naikata kwa nailoni ya nyavu, ile nyembamba, niliyoifunga kwenye vijiti viwili. Pembeni nina kijiti chenye alama za rula. Unene haubadiliki, kwa hiyo urefu wa kipande ndio uzito wake. Kwa udongo wangu, kipande cha milimita 19 kina gramu 7.5 kikiwa kibichi, na kikikauka kinabaki gramu 6. Sehemu moja ya tano ya uzito ni maji, inaondoka na upepo.

Mzani ninaotumia ni ule mdogo wa betri, kama wanaotumia wanunuzi wa dhahabu. Niliununua Makoroboi, mjini Mwanza. Mzani wa nyanya haufai, hauoni gramu moja.

Kwa kutafuta uzito wa manati yako, kata makundi matano: milimita 13, 16, 19, 22 na 25. Yakikauka yatakuwa karibu na gramu 4, 5, 6, 7 na 8. Tengeneza 20 kwa kila kundi. Viringisha kila kipande katikati ya viganja viwili, mikono ikiwa na unyevu kidogo tu, mpaka mstari wa nailoni upotee. Anika kivulini juu ya gunia, siku tatu hadi nne, ukizigeuza. Jua kali la siku ya kwanza linakausha ganda kabla ya kiini na gololi inachanika. Siku ya mwisho ndiyo uzitoe juani. Mimi hufanya kazi hii Januari na Februari, mvua zikipumzika.

Kabla ya kurusha, pima tena zikiwa kavu. Inayopungua au kuzidi kundi lake kwa zaidi ya robo gramu rudisha kwenye ndoo ya kulowekea. Iliyopasuka nayo rudisha. Udongo hauna hasara.

Manati yangu ni panda ya mpera, mipira miwili ya ule mpira wa njano wa kufungia mkono hospitali, na kiti cha ngozi kilichokatwa kwenye ulimi wa kiatu cha zamani. Mipira iwe na urefu sawa hadi milimita. Kabla ya kila asubuhi ivute taratibu mbele ya macho, tafuta mpasuko, hasa pale ilipofungwa. Siku moja wangu ulikatika nikiwa nimevuta mpaka mwisho, ukanirudia kwenye kope la kushoto. Jicho lilivimba siku nne. Tangu hapo navaa miwani, na mtoto wa kaka yangu anayenisaidia kuamia havuti manati bila miwani hata akinung'unika, "Lakini shangazi, jasho linaingia."

Kwa kujaribu, chukua mfuko wa saruji, chora duara la mkaa la ukubwa wa kifuniko cha sufuria, ninginiza kanga kuukuu nyuma yake, na nyuma ya kanga pawe na kichuguu au ukingo wa tuta, pasiwe njia ya watu wala ng'ombe. Simama hatua 20. Anza asubuhi na mapema. Mchana upepo wa ziwa unaingia nchi kavu, na utakuwa unapima upepo badala ya gololi.

Rusha tano tano za uzito mmoja. Vuta mpaka kidole gumba kiguse shavu mahali palepale kila mara, kwa sababu ukivuta zaidi unabadilisha nguvu na hesabu yote inaharibika. Usirekebishe shabaha katikati ya tano zako, hata zote zikienda chini. Hutafuti kupiga katikati, unatafuta zikae pamoja. Zikikaa pamoja, kulenga juu au chini ni jambo la dakika mbili. Zikitawanyika, hakuna kulenga kutakakokuokoa.

Andika. Huu ni ukurasa wa kaunta buku langu, kama ulivyo; kipimo cha kwanza ni upana wa mahali zilipotua zile tano, na "chini" ni chini ya shabaha: "Mpira njano mpya. Gramu 4: zimetapakaa, moja nje ya mfuko. Gramu 5: shubiri moja. Gramu 6: vidole vinne, chini kidogo. Gramu 7: vidole vitano, chini shubiri. Gramu 8: shubiri na nusu, mkono umechoka, zinafika zimelegea." Siku ya pili nilirudi na gramu 5.5, 6 na 6.5 peke yake. Ya 5.5 ilipanuka, 6 na 6.5 zilikaribiana, nikachagua 6 kwa sababu haishuki sana. Mwaka niliokosa mpira wa njano nikafunga wa tyubu nyeusi ya baiskeli, gololi zilezile za gramu 6 zikawa zinachelewa na kuanguka. Mpira ule ulitaka 5. Ndiyo maana nasema badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha mpira na uzito siku moja, hutajua kipi kimekuponya.

Shambani, kwa minana napitisha gololi juu kidogo ya masuke walipokaa. Mlio wake unawainua wote, na gololi ikianguka majini inayeyuka kuwa jaluba tena. Kwa tumbili nalenga shina la mti alipo, au tawi chini yake. Gololi inapasukia pale kwa kishindo na vumbi, na kundi zima linaondoka. Jiwe lingevunja mfupa, na tumbili aliyevunjika anafia shambani kwako.

Kwelea kwelea wakija maelfu, weka manati chini. Piga simu kwa afisa ugani mapema, tangu siku unapoona wanalala kwenye matete, ili habari iwafikie Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, maana kundi hilo linahitaji dawa ya kunyunyizwa mahali wanapolala. Na ndege waliokufa kwa dawa usiwaokote, usiwape watoto, usimpe hata paka.

Kwa mwezi mzima natumia gololi kama 3,000, ndizo kilo 18 za udongo mkavu. Nazihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kila tabaka nikinyunyizia majivu makavu ya jikoni ili zisinywe unyevu wa Aprili na kushikana. Za kwenda nazo shambani natia 50 tu kwenye mfuko wa kitambaa kiunoni, zikilowa na umande nazimwaga jalubani na kurudi nyumbani kuchukua nyingine, kwa sababu gololi iliyolowa imeongezeka uzito na si ile niliyoijaribu kwenye mfuko wa saruji.