Mambo ya kukagua kwenye mahusiano ya majedwali kabla msimu wa parachichi haujafunguliwa

Msimu ukishaanza, programu ya kupokelea parachichi haina tena nafasi ya majaribio. Wakulima wamepanga foleni na kreti zao, mvua ya Tukuyu inanyesha, na karani anataka vitu vitatu tu: jina, kilo, risiti. Ndiyo maana mahusiano ya majedwali huwa nayamaliza mapema. Natumia Python na SQLAlchemy, maktaba inayounganisha klasi za programu na majedwali ya kanzidata, ila anayetumia Django, mfumo wa kuundia tovuti kwa Python, naye atakuta mengi yanamhusu.

Cha kwanza, ambacho nakisisitiza kuliko vyote, ni kuhakikisha kwamba kanzidata yenyewe inalinda uhusiano. Klasi zako peke yake hazitoshi. Wengi wetu tunaanza na kanzidata ya SQLite kwa kuwa haihitaji seva. Imeanza kusimamia funguo za kigeni (safu inayobeba namba ya rekodi ya jedwali jingine, kama mzigo unaobeba namba ya mkulima) mwaka 2009, toleo la 3.6.19, lakini kwa kawaida ulinzi huo huja umezimwa, na lazima uwashwe upya kila muunganisho unapofunguliwa: `PRAGMA foreign_keys=ON`. Django ya sasa huuwasha yenyewe. Kwenye SQLAlchemy unauandikia mwenyewe, kwenye tukio la `connect`, yaani msimbo unaoendeshwa kila muunganisho unapofunguliwa.

Msimu mmoja sikuliangalia hilo. Mkulima mmoja alikuwa ameandikishwa mara mbili, rekodi moja ikafutwa kwa amri ya SQL moja kwa moja, na kanzidata haikulalamika. Siku ya kuandaa malipo, kilo za kituo na kilo za wakulima zikakataa kulingana. Nilikesha na daftari la karani pembeni, mstari kwa mstari, mpaka nikaiona mizigo 14 inayobeba namba ya mkulima ambaye hayupo. Kila mzigo ule una mtu aliyeuteremsha kutoka mlimani akitegemea ada ya shule. Siku hizi sifungui msimu kabla ya kuendesha `PRAGMA foreign_key_check`, inayoorodhesha rekodi zinazoelekeza kwa kisichokuwepo. Ikirudi tupu, naendelea.

Hapohapo amua mapema nini kitokee mkulima akifutwa. Usipoiambia chochote, SQLAlchemy ikimfuta mzazi (hapa mkulima) kupitia sesheni, yaani kikao cha kazi kati ya programu na kanzidata, huenda kwa watoto wake (mizigo) na kuweka NULL, yaani patupu, mahali pa namba yake. Mzigo unabaki, mwenyewe anapotea. Ukiweka `nullable=False` kwenye safu ile, yaani isiruhusiwe kuwa tupu, ufutaji utagoma kwa kosa la wazi, na hilo ndilo unalolitaka. `cascade="all, delete-orphan"` ni hatari zaidi panapohusika fedha, maana huondoka na mizigo yote. Mimi mkulima simfuti kabisa. Namwekea alama kwamba hatumiki.

Ufunguo mkuu, yaani kinachotambulisha kila rekodi, usiwe jina. Rungwe hii yenye majina ya ukoo yanayoanza na Mwa- utapata watu wawili wa jina moja kwenye kijiji kimoja, mara nyingine kwenye nyumba moja. Namba ya simu nayo hubadilika. Tumia namba ya programu yenyewe, hayo mengine yawe taarifa za kawaida.

Ukiongeza safu kwenye klasi kisha ukaambiwa haipo, usihangaike na klasi. `create_all()` huunda majedwali yasiyokuwepo tu, yaliyopo haiyagusi. Tumia Alembic, chombo cha kubadilisha muundo wa majedwali yaliyopo, na faili inayokuandalia uisome kabla ya kuiendesha. Ukibadilisha jina la safu, Alembic haitambui kuwa ni ileile: itaandika futa ya zamani, ongeza mpya. Kilo za msimu mzima zinaweza kwenda hivyo.

Kasi nayo ikaguliwe kwa data nyingi, si kwa wakulima watano wa majaribio. Washa `echo=True` kwenye injini (kiunganishi cha SQLAlchemy na kanzidata) ili ionyeshe kila amri ya SQL, fungua ripoti ya malipo, utazame kinachopita. Ukiwa na wakulima 300 na ukasoma mizigo ya kila mmoja ndani ya kitanzi, utaona maswali 301 yanayopelekwa kwenye kanzidata: moja la wakulima, kisha moja kwa kila mkulima. `selectinload` huyapunguza yakawa mawili. Ukihamia PostgreSQL, kanzidata inayotumia seva, kumbuka haikuwekei indeksi (faharasa ya kuharakisha utafutaji) kwenye ufunguo wa kigeni, iweke mwenyewe.

Mzigo ukiwa na mpimaji na mpokeaji, wote kutoka jedwali la watumishi, SQLAlchemy itakataa kubahatisha. Taja `foreign_keys` kwenye kila uhusiano. Na ukikutana na `DetachedInstanceError` wakati wa kuchapa risiti, sesheni imeshafungwa. Pakia mkulima wake kabla hujaifunga.

Wiki moja kabla ya kufungua, chukua nakala ya akiba, ifungue kwenye laptopu nyingine, piga tena `foreign_key_check`, kisha kaa na karani mlinganishe kilo za msimu uliopita na daftari lake.